Kayaki ya Watu Wawili

Mie nikikasirika sijifichi. Mtongani nzima, mtaa wetu hapa Kunduchi, inajua, na watoto niliowafundisha kwa miaka thelathini na mbili wanajua zaidi. Kwa hiyo nikisema mwaka jana nilikaa siku kumi na moja bila kumsemesha Maryambai, jirani yangu wa ukuta mmoja, shoga yangu tangu Huzefa wake ananyonya, mjue haikuwa ishu ndogo. Na kilichotugombanisha ni samaki. Changu mmoja, wala hakujaza sahani.

Ngoja nianzie mwanzo, maana nikianzia kwenye hasira mtaniona mbaya.

Mwezi wa pili Maryambai alipasuliwa, akatolewa mfuko wa nyongo uliojaa mawe. Akarudi nyumbani salama, tukamshukuru Mungu, kila mtu kwa dini yake. Ila chakula ndiyo kikamkataa. Nyama ikiletwa anageuza uso. Kuku hivyohivyo. Maharage yanamjaza tumbo, mayai yanamnukia. Akabaki na uji na biskuti za kuchovya kwenye chai. Yule mwanamke aliyekuwaga anahamisha mifuko ya saruji dukani kwao Tegeta bila kumngoja kuli, sasa bangili zinamteleza mkononi mpaka akazivua akaziweka kwenye droo. Mumewe, Haiderali, alikuwa ananipigia simu kutoka dukani: "Mwalimu, hebu chungulia, amekula?" Nachungulia. Hajala. Nikimuuliza ananijibu, "Inatosha, Demetria," na kikombe bado kimejaa.

Daktari akamwambia ale samaki, kwamba ni laini na atamrudishia nguvu. Wapi! Maryambai alikuwa hajagusa samaki mwaka wa tatu huo.

Wao ni Mabohora, Waislamu wa Kishia, na nyumbani kwao samaki ana masharti. Kwanza awe na magamba. Kwa hiyo papa, taa, pweza, hongwe, vyote hivyo havivuki kizingiti cha jiko lake. Pili, atoke majini akiwa hai, na mtu wao awe amemwona akitoka hai. Samaki aliyefia majini kwao ni mzoga. Ndivyo mama yake alivyomlea, na yeye kawalea hivyo wanawe. Miaka ishirini alikuwa analetewa na Suhaib, mvuvi wa hapahapa Kunduchi, mtu wa swala tano, anayevua kwa mshipi mkononi. Suhaib akahamia Mkinga kwa wakweze. Akaja mwingine, hodari wa kuapa. Siku moja Maryambai anampasua pono wa huyo bwana, anakuta uti wa mgongo umevunjikavunjika na nyama imevilia damu. Samaki wa baruti! Kapigwa bomu huko, kafia majini, kaja kuokotwa. Maryambai alitapika, akamtupa na sufuria yenyewe, na tangu siku hiyo akasema samaki basi.

Sasa amelala pale kwenye kochi, mifupa ya mabega inaonekana, na kitu pekee anachokitaja kwa hamu ni changu wa kukaanga wa mama yake, wa ndimu na bizari. Mie roho ikaniuma. Nikaropoka, "Basi nitakuvulia mwenyewe."

Akacheka mpaka akashika mshono. "Wewe? Mwalimu wa hesabu?"

Hakujua huyo. Mie nimezaliwa Kemondo, ziwani. Baba yangu alikuwa mvuvi, na sie wasichana tulikatazwa hata kukanyaga mtumbwi, eti tunaleta mkosi. Nilijifunza kupiga kasia kwa wizi, mchana wanaume wakiwa wamelala, na jioni nikachapwa. Nilichapwa sana, na kupiga kasia nikajua sana. Nilikuwa na miaka sitini na moja, nimestaafu, mume wangu Kasimiri kanitangulia, nyumba kimya. Nani wa kunichapa?

Mtumbwi sikuutaka. Mtumbwi unahitaji wanaume wanne wa kuusukuma, na ukishawaomba wanaume wanne, kila mmoja ana maoni yake. Nilitaka kitu cha kuburuta mwenyewe. Elibariki, mtoto wa dada yangu, fundi simu pale Sinza, baba wa watoto wawili lakini bado ana maneno ya kijiweni, ndiye aliyeniambia: "Mamdogo, chukua kayaki. Zipo za uvuvi kabisa, zina na matundu ya kuchomekea fimbo ya kuvulia. Ni noma!" Mie kayaki nilikuwa nazionaga mahotelini tu, watalii wamejikalia wanazunguka kama bata.

Tukaenda kuzitazama. Ya kwanza, dukani Masaki, ilikuwa ya pedali, unakanyaga kama cherehani na mikono inabaki huru kuvua. Nikaipenda kweli. Nikamwambia muuzaji aishike kule na mie huku tuinyanyue. Mgongo ukanijibu hapohapo. Kilo hamsini! Nitaiburuta mie au itaniburuta yenyewe? Ya pili ilikuwa nyembamba ndefu, ya kuingia ndani, miguu inapotelea gizani kama umelazwa kwenye jeneza. Nikauliza, "Ikipinduka?" Kijana akasema kuna mazoezi ya kujigeuza ukiwa humohumo chini ya maji. Nikamtazama. Akatazama pembeni.

Ya tatu tuliipata hapahapa nyumbani, kwenye hoteli moja ya ufukweni iliyokuwa inauza vifaa vyake vya zamani. Mtunza stoo, Gregori, Mchaga mmoja mpole sana, alikuwa na mbili. Zote ni za kukaa juu, siyo za kuingia ndani, pana chini, na zina matundu yaliyotoboka mpaka upande wa pili ili wimbi likiingia litoke lenyewe. Moja ya kijani ya mtu mmoja. Nyingine ya rangi ya chungwa, ya watu wawili.

"Mwalimu, chukua hii ya wawili," Gregori akasema. "Imetulia zaidi, na hata ukiwa peke yako unakaa."

"Wa pili nitamtoa wapi, Gregori? Kasimiri yuko mbinguni, na huko nasikia hawavui."

Nikachukua ya kijani. Ilikuwa nyepesi, nikaiburuta mwenyewe mpaka getini. Watu wa pwani wanatutania sie Wahaya, wanatuita nshomile, watu tuliosoma na tunaojua kila kitu. Siku hiyo niliwapa sababu.

Ikabaki mashine. Elibariki aliniambia wazi: "Bahari siyo ziwa lako, Mamdogo. Utakaa kutwa nzima juu ya mchanga mtupu unawinda upepo. Kuna kitu kinaitwa fishifainda." Akaja nayo Jumapili. Kioo chake ukubwa wa simu, na waya mrefu, na mwisho wa waya kuna kidude cheusi mfano wa sabuni iliyotumika, ambacho yeye alikiita jicho. Jicho linapeleka sauti chini, sauti inagonga samaki au mwamba, inarudi, kioo kinachora. Tukaligandisha jicho ndani ya tumbo la kayaki kwa gundi ya silikoni, maana sauti inapita kwenye plastiki bila shida. Betri, ya pikipiki, tukaitia kwenye dishi la plastiki la kuwekea pilau, mfuniko tukautoboa upitishe waya. Nikasimama nikaitazama kazi yetu nikaridhika sana.

Leseni nikakata. Asubuhi ya kwanza nashuka pwani, wavuvi wakaacha nyavu zao.

"Mwalimu, beseni hilo unaenda kuogea wapi?"

"Kwa mama yako," nikawaambia, nikapanda.

Jamani, nitawadanganya nikisema sikulia. Nililia. Kasia likaingia majini upande huu, likatoka, likaingia upande ule, na mwili ukakumbuka wote, hata mabega ambayo yanagomaga kufua shuka. Lakini mashine, loo! Inalia ti-ti-ti-ti toka naondoka. Kioo kimejaa madoadoa kama surua. Kwa mujibu wa mashine ile, bahari ya Kunduchi ilikuwa imejaa samaki kutoka juu mpaka chini, nisingepata hata pa kuchovya kasia. Nikatupa mshipi kila iliposema. Siku ya kwanza, patupu. Siku ya pili, hongwe watatu, wanateleza, hawana hata gamba la kusingizia. Nikawapa paka wa soko. Siku ya sita nikaipuuza mashine, nikafuata macho yangu mpaka kwenye rangi ya maji ya mawe, na hapo akanasa changu. Mwekundu wa midomo, magamba makubwa, anang'aa. Nilipiga kasia kurudi kama mtu anayefukuzwa.

Sikubadili hata nguo. Niliingia kwa Maryambai nachuruzika maji, nikamwekea samaki kwenye sinia mapajani. "Haya! Magamba hayo. Hesabu."

Akampitishia kidole. Akamnusa. Macho yakamjaa maji, na mie nikajua ni furaha. Kisha akaniuliza kwa sauti ndogo, "Alitoka hai?"

"Alitoka anapiga mkia. Kanipiga hapa."

"Nani mwingine alimwona?"

"Nani amwone? Nilikuwa peke yangu."

Akalisukuma sinia kidogo, kama inchi moja tu. "Demetria, nisamehe."

Mwanzoni sikuelewa. Nilipoelewa kwamba mie sihesabiki kuwa mtu wao, damu ilinipanda mpaka masikioni. "Funguo za nyumba yako ninazo mie! Huzefa alipougua degedege nilimbeba mie mpaka hospitali, ukanifuata nyuma na viatu mkononi! Leo neno langu halitoshi kwa samaki? Samaki!"

"Siyo neno lako..."

"Ni langu! La nani tena?" Nikamchukua changu wangu nikaondoka, na mlango nikaubamiza. Nikamkaanga, nikamla peke yangu nimesimama jikoni, na sikumbuki ladha yake. Hasira hasara, tunawaandikiaga watoto ubaoni.

Siku kumi na moja. Kayaki imeegeshwa ukutani, mie nafagia uwanja huku nimeupa mgongo ukuta wa jirani. Siku ya kumi na mbili Haiderali akabisha hodi.

"Shikamoo," nikasema, kwa kuwa ni mkubwa kwangu na hasira zangu hazijafika huko.

"Marahaba, Mwalimu." Hakukaa. "Siku ile ulipotoka, Maryam alikuja jikoni. Alisema, Haider, Demetria namwamini kuliko ndugu zangu wa damu. Akaniomba nimwambie kwamba basi, inatosha, akuite umrudishe samaki, amle. Nikamwambia, mwite, mle. Alishindwa. Hajui kula kitu ambacho moyo umeshika breki. Juzi amekunywa vijiko vinne vya uji, Mwalimu. Nilivihesabu." Mzee wa watu akageuka akaenda zake.

Nilikaa kwenye ngazi. Nikakumbuka nilipokuwa nafundisha Ukonga. Kulikuwa na binti mmoja, Asifiwe, kichwa kama moto. Siku ya mtihani wa mwezi msimamizi alichelewa saa nzima, na yeye akaufanya peke yake darasani, akapata mia. Nikamrudisha aufanye upya. Alilia yule mtoto! "Mwalimu, huniamini?" Nikamwambia, nakuamini kabisa, lakini mtihani lazima uwe na mtu aliyeuona. Nilimwambia hivyo kwa kujiamini, na wala sikumbembeleza. Nikaona aibu mpaka nikajishika kichwa.

Nikavuka getini. Maryambai alikuwa palepale kochini, amekuwa mdogo zaidi. Nikasema, "Shoga, nimekuja kuomba radhi, na usinijibu haraka nitakasirika tena."

Akanishika mkono. Tukakaa. Halafu akasema, wala hakutania, "Nipeleke nikamwone mwenyewe."

"Nikupeleke wapi?"

"Majini."

Mtume na mitume wote! Nikamwambia hajui kuogelea. Akasema jaketi la kuelea limetengenezwa kwa watu wasiojua kuogelea. Nikamwambia mshono. Akasema daktari ameshamruhusu kutembea, na kwenye kayaki atakuwa amekaa. Nikamwambia atakufa mikononi mwangu, Haiderali atanifanya nini? Hapo akanitazama sana. "Na hapa kwenye kochi ninafanya nini, Demetria?"

Nikaenda kwa Gregori siku hiyohiyo. Ile ya chungwa ilikuwa bado ipo. Akafungua mdomo.

"Nyamaza, Gregori," nikamwambia. Akanyamaza, akanibadilishia huku anatabasamu, na kasia la pili akalitia juu.

Sasa mashine ikabidi ihamishwe. Elibariki akaja na silikoni yake, tukaanza pale uani kwangu. Maryambai akaletewa kiti atutazame. Dakika mbili hazikupita.

"Mnafanya nini hapo?"

"Tunapaka gundi, anti."

"Hiyo siyo kupaka gundi, ni kupaka siagi kwenye mkate. Lete nione." Akaisogeza puani. "Inanuka siki. Hii ni ya vioo na bafu. Kwenye plastiki ya hivi haikai, na mmeacha mapovu ya hewa humo. Sauti ikigonga hewa inarudi. Ndiyo maana mashine yenu ilikuwa na surua."

Elibariki akanitazama. Mie nikatazama juu. Tulikuwa tumemsahau kabisa kwamba yule ni mwanamke aliyeuza gundi, rangi na misumari kwa miaka thelathini na tano. Akampigia Huzefa dukani alete gundi nyingine, msasa na spiriti. Akainuka kwenye kiti. Akapiga msasa mwenyewe, taratibu, anapumzika, anaendelea. Akafuta kwa spiriti. Akaweka gundi donge moja la kutosha, halafu akalikandamiza jicho huku analizungusha, nusu mzunguko huku, nusu kule, mpaka hewa yote ikatoka pembeni. "Usione vyaelea, vimeundwa," akamwambia Elibariki, na jasho linamtoka. Betri yetu kwenye dishi la pilau akaitazama, akacheka, akaiacha. Kioo akasema kiwe mbele, atakakokaa yeye. "Demetria ana haraka, hatakisoma." Tukaweka jiwe juu ya jicho usiku na mchana. Jioni hiyo alimaliza uji. Nusu kikombe, lakini alimaliza.

Kwanza tukajaribu maji ya magoti. Haiderali alisimama baharini amekunja suruali, ameshika kamba iliyofungwa kwenye kayaki mfano wa mtu anayechunga mbuzi. Kila nikipiga kasia mara tatu anatuvuta. "Haider, achia kamba," Maryambai akasema. Haachii. "Haider!" Akaachia, akabaki amesimama pale na mikono yake mitupu.

Tukangoja siku za maji mafu, ambapo mkondo hauna nguvu, tukatoka asubuhi bahari imelala kabisa. Maryambai mbele, rida yake ya zambarau, lile vazi lao la Kibohora, na jaketi la njano juu yake, kofia ya kanga juu ya kila kitu. Wavuvi siku hiyo hawakutania. Mmoja tu, mzee Abdulrahman, alisema, "Mwende salama, mama zangu," akatusukuma mwenyewe.

Nilikuwa na hofu. Kila akijisogeza nashika kasia kwa mikono miwili. Yeye hana habari, amekiinamia kioo.

"Mita tatu. Mita tatu na nusu. Chini mchanga."

"Umejuaje?"

"Mstari mwembamba, umelala. Nenda mbele... nne. Nne... Demetria, simama. Mstari umenenepa, umepanda. Haya ni mawe."

"Na samaki?"

"Subiri. Wewe!" Mashine ililia ti, mara moja tu. "Juu ya mawe. Vijistari viwili, vimepinda kama nyusi, ndio samaki hao."

Nikashusha mshipi wenye kipande cha kamba, wale wa kuliwa. Tukangoja. Jua likaanza kuuma shingo. Samaki akadonoa, akaondoka na chambo. Nikatia kingine. Akadonoa, akaondoka. Mie nikaanza kutukana kwa Kihaya, na Maryambai akaniambia Kihaya chote cha matusi ameshakijua tangu mwaka tisini, nitafute kingine. Nikatia chambo cha tatu, na safari hii mshipi ukakaza.

Nikaanza kuvuta, halafu nikasita. Sijui ni nini kiliniambia. Nikamfikishia mshipi mbele, begani kwake. "Vuta wewe."

"Mie?"

"Vuta, ataondoka!"

"Bismillah," akasema, akashika. Kayaki ikainama upande. Nikaegemea upande wa pili na uzito wangu wote, na mie uzito ninao. Mshipi ulimkata vidole, hakuachia. Mkono, mkono, mkono. Nikimtazama mgongo ule mwembamba unavyokwenda mbele na nyuma, nasali kwa watakatifu wote wanishikie mshono ule. Kichwa cha samaki kikatoka juu ya maji. Akatuona, akazama tena, mshipi ukakimbia mikononi mwa Maryambai, akapiga kelele, akaukamata tena. Halafu akamwinua. Changu, wa kilo nzima na zaidi, akaanguka mapajani kwake na kuanza kuchapa rida ile kwa mkia, paa, paa, paa, magamba yanaruka mpaka usoni mwangu.

Maryambai akamkumbatia kwa mikono miwili kama mtoto anayetaka kushuka. "Yu hai!" akasema. Halafu akapaza sauti, sauti ambayo nilikuwa sijaisikia tangu kabla ya hospitali, "Yu hai, Demetria! Yu hai!" Ngalawa mbili zilizokuwa mbali zikageuka kutazama. Ufukweni tukamwona Haiderali, mdogo kabisa, ameingia majini mpaka kiunoni na suruali yake.

Maryambai hakumruhusu mtu kumpaa yule changu. Alimpaa mwenyewe kwenye ngazi ya nyuma, akampaka ndimu, bizari, kitunguu saumu na pilipili. Elibariki akapigiwa simu, akasema Sinza kuna foleni, tumbakizie. Hatukumwahidi. Wakatandika kitambaa chini, sinia moja katikati, nasi watatu tukakaa kulizunguka, jinsi wanavyokula wao. Haiderali akapitisha chumvi, kila mtu akagusa kidogo kwa ulimi kabla ya chochote.

Maryambai akachambua mnofu, akautia mdomoni. Haiderali na mie tukajifanya tunakula. Mie tonge langu nililishika hewani hata sijui kwa muda gani. Akameza. Akachukua mwingine, na wali. Akachukua mwingine. Alikula bila kusema neno, anatoa miba na kuipanga pembeni, amekunja uso kama mtu aliye kazini. Upande mmoja wa samaki ukaisha. Akamgeuza. Mie nikaacha kujifanya, nikawa namtazama tu.

Mwisho akajifuta midomo, akaegemea ukuta, akapumua.

"Nimeshiba," akasema.

Miezi mitano nyumba ile ilikuwa haijalisikia neno hilo. Haiderali akaweka tonge chini akalia waziwazi, hakujificha, na mie nikamfuata, mtu mzima na vidole vya mafuta. Maryambai akatutazama mmoja baada ya mwingine, akavuta sinia upande wake.

"Lieni mmalize," akasema, "ila kichwa msikiguse. Nitakila jioni."